Fundi Konde na bendi ya watu wachache

Taja "Tausi" mbele ya watu wazima popote pale kati ya Lamu na Mtwara, hutakosa mtu wa kukuimbia. Muulize mtunzi ni nani, wengi watanyamaza. Wimbo umepita mikononi mwa bendi nyingi, kila moja ikauongezea magitaa, ngoma na matarumbeta yake, hadi mwenyewe akasahaulika. Mwenyewe ni Fundi Konde, mpiga gitaa na mwimbaji wa pwani ya Kenya, aliyezaliwa mwaka 1924. Na kama jina lake halijulikani vya kutosha, albamu yake ndiyo haijulikani kabisa.

Albamu hiyo inaitwa "Retrospective Vol. 1 (1947–56)". Ilitolewa mwaka 1994 na lebo ya RetroTan, na nyimbo zake zote zilikuwa zimetoka kwanza kwenye santuri za kasi ya 78, zile sahani nyeusi nzito zilizopasuka zikianguka sakafuni. Upande mmoja wa sahani ulibeba dakika 3 hivi, zaidi ya hapo sindano ilifika katikati. Ndiyo maana nyimbo hizi ni fupi na hazina mahali pa kupotezea muda: gitaa linafungua, sauti zinaingia, gitaa linajibu, sauti zinarudi, kwisha. Nimeisikiliza albamu hii huku Kiegei, wilayani Nachingwea, kwa muda mrefu sasa, na ninaandika kwa sababu naamini kwamba historia ya dansi yetu ya kusini mwa Tanzania, Nachingwea, Ruangwa, Lindi na Mtwara, haieleweki vizuri bila kuisikia sauti hii ya bendi ndogo.

Tuanze na sauti yenyewe. Sisi tuliokulia kwenye redio tulizoea dansi ya watu wengi: mpiga solo, mpiga rizimu, pengine na gitaa la tatu katikati yao, besi, drums, tumba, safu ya saksafoni na tarumbeta, waimbaji wanne mbele. Kwa Fundi Konde vyombo ni vichache kiasi kwamba kila kimoja unakisikia kikipumua. Kuna besi inayotembea polepole chini. Vyombo vya kupigwa viko nyuma kabisa, vinashika mwendo tu. Mahali pengine inaingia klarineti, inasema neno moja mawili kisha inaondoka. Sauti mara nyingi ni mbili, ya juu na ya chini, zimeshikana toka mwanzo wa mstari hadi mwisho wake. Katikati ya yote hayo liko gitaa, na gitaa ndilo linalobeba nyumba nzima.

Lisikilize kwa makini pale waimbaji wanapomaliza ubeti. Mpiga gitaa wa bendi kubwa angeanza kukimbia juu ya nyuzi nyembamba, maana nyuma yake yupo wa rizimu anayemtunzia akodi. Fundi Konde hana raha hiyo. Akiacha akodi wimbo unabaki mtupu, akiacha melodi wimbo unasimama. Basi anafanya yote mawili kwa mkono mmoja: anashika akodi pana, zenye noti zaidi ya zile tatu za kawaida, kisha noti ya juu ya kila akodi anaisogeza mpaka zile noti za juu peke yake zinakuwa wimbo. Ni kazi ya mtu aliyewasikiliza wapiga jazi kwa bidii. Na haonyeshi kuhangaika hata kidogo. Katika "Majengo Siendi Tena" na "Kipenzi Waniua" unaweza kuufuata mkono wake wa kushoto kwa sikio, ukajua sasa umepanda, sasa umerudi chini.

Ujuzi huo aliupata wapi? Sehemu kubwa ya jibu ni vita. Mwaka 1944 Fundi Konde alikuwa amekwisha vaa sare, akiwa kwenye kikosi cha burudani cha jeshi la Afrika Mashariki, ambako alikutana na Peter Colmore, Mwingereza wa Nairobi aliyekuwa na masikio mazuri na jicho la biashara. Kikosi hicho kilipelekwa Asia kuwaburudisha askari. Huko ndiko vijana wa Kigiriama, Kizaramo, Kiganda na Kiluo walikokutana na bendi za majeshi ya mataifa mengine na vyombo ambavyo nyumbani wangeviona kwenye picha tu. Colmore ndiye aliyempatia gitaa la umeme baada ya vita, na Fundi Konde hutajwa kuwa Mwafrika wa kwanza nchini Kenya kulipiga.

Vita hiyo haikuwa ya Mombasa na Nairobi peke yake. Jeshi la keya, yaani King's African Rifles (KAR), lilichukua vijana wengi kutoka Mkoa wa Kusini wa wakati ule, Wayao, Wamakonde, Wamakua na Wamwera. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana Burma mwaka 1944, ikapita Bonde la Kabaw katika mvua na malaria hadi mto Chindwin. Waliorudi walirudi na makoti ya jeshi, na viatu, na maneno ya Kihindi, na nyimbo. Wazee wetu wa ngoma walikuwa tayari na beni, ngoma iliyoyachukua magwaride ya kijeshi tangu vita ya kwanza ya dunia ikayafanya kuwa ya kwao. Kwa hiyo kijana aliyetoka Burma na kusema amesikia gitaa likipigwa kambini hakuwa anawaletea watu wake jambo la kushangaza sana. Walikuwa na desturi ya kupokea muziki wa jeshi na kuugeuza.

Halafu ikaja karanga. Kila mtoto wa Nachingwea ameusikia mkasa huo, lakini mara nyingi husimuliwa upande wa matrekta na hasara tu. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mradi mkubwa wa kulima karanga Tanganyika katika maeneo matatu: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Hapa kwetu ulikuja na reli, ambayo kufikia 1949 ilikuwa inapeleka treni kutoka upande wa Lindi hadi Nachingwea, na baadaye, mwaka 1954, bandari ya Mtwara yenye kina kirefu. Mwaka 1951 mradi ukaachwa, pauni zipatazo milioni 36 zikiwa zimeteketea. Reli nayo ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na mataruma yakang'olewa.

Upande unaosahaulika ni wa mshahara. Kwa miaka michache Nachingwea ikawa mji wa watu wa kila kabila waliolipwa fedha taslimu kila mwezi, madereva, mafundi makenika, makarani, wakata miti, mbali na nyumbani kwao na bila shughuli jioni. Mahali penye watu kama hao hapakosi dansi, wala hapakosi gramafoni. Nyimbo za mwanzo kabisa za albamu hii, za 1947, ni za mwaka ule ule mradi ulipoanza. Na Fundi Konde alikuwa anarekodi kwa HMV, kampuni ambayo santuri zake ziliuzwa katika maduka ya Wahindi kwenye miji ya pwani yote ya Afrika Mashariki. Ukiisikiliza albamu kwa kufuata miaka hiyo, unausikia umri ule ule wa mji wetu.

HMV hiyo hiyo ndiyo iliyoleta Cuba. Tangu miaka ya 1930 kampuni ilikuwa ikiuza Afrika santuri za Kikuba zenye herufi GV na namba yake, na watu wakaziita hivyo hivyo, "jivii". Miongoni mwa zile za mwanzo kabisa ilikuwemo "El Manisero" ya bendi ya Don Azpiazu wa Havana, wimbo wa muuza karanga wa mtaani. Vijana wa Dar es Salaam, Tanga, Morogoro na Tabora waliziweka santuri hizo kwenye gramafoni, wakarudisha sindano tena na tena, wakanakili kila kitu hadi maneno ambayo hawakuyaelewa. Salum Abdallah wa Morogoro aliipa bendi yake jina la Cuban Marimba. Fundi Konde naye alichota humo, rumba yake inatoka huko waziwazi, ila alichofanya yeye ni kupunguza. Mahali ambapo Wakuba walikuwa na piano, tarumbeta na safu ya wapiga ngoma, yeye aliweka gitaa lake na watu wawili watatu. Naona huo ndio uamuzi mkubwa wa muziki wake, na sijui kwa nini hausemwi mara nyingi zaidi.

Wapo watakaoniuliza: kwani Mwenda Jean Bosco hakupiga peke yake kabisa? Alipiga. Mwenda, mtu wa Bunkeya huko Katanga, alirekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 katika mji wa Jadotville, sasa Likasi, na "Masanga" yake ikawashangaza wapiga gitaa wa dunia nzima. Vidole viwili tu vya mkono wa kulia, gumba na cha shahada, gumba likishika besi na kile kingine kikiimba juu. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Colmore alimleta Nairobi, kama alivyomleta Edouard Masengo wa Katanga pia, na gitaa la Katanga likasikika redioni likitangaza dawa za maumivu ya kichwa na soda. Mtindo huo ulienea vijijini upesi kwa sababu ulihitaji gitaa kavu moja tu, lile la bei nafuu lililoitwa galatoni, na kama huna kapo unafunga penseli kwenye shingo yake kwa uzi.

Lakini gitaa la Katanga linajitosheleza. Mwenda akiwa peke yake wimbo umekamilika, huwezi kumuongezea mtu. Gitaa la Fundi Konde limeachia wenzake nafasi makusudi. Anamalizia akodi mapema ili besi isikike ikishuka. Ananyamaza nusu mpigo kabla ya waimbaji kuingia. Mtu aliyejifunza kwa Mwenda alijifunza kuwa mpiga gitaa. Mtu aliyemsikiliza Fundi Konde alijifunza jinsi bendi inavyokaa pamoja. Na dansi ya Tanganyika, kwa jinsi ninavyoisikia mimi, iliyahitaji masomo yote mawili.

Njia ya kutoka Nairobi kuja kwetu inajulikana hata kwa jina. Ally Sykes wa Dar es Salaam alikuwa askari wa keya aliyekwenda Burma, na alikuwa mpiga gitaa. Huyu ndiye yule yule aliyekuwa miongoni mwa waasisi wa chama cha TANU tarehe 7 Julai 1954, mwenye kadi namba 2 baada ya ile ya Nyerere. Alikuwa na bendi yake mjini Dar es Salaam, na alikuwa rafiki wa Colmore na mtu wake wa kazi upande wa Tanganyika. Watu wachache sana, wanaofahamiana kutoka kambini, waliziunganisha studio za Nairobi na kumbi za Dar es Salaam. Kutoka Dar es Salaam muziki ulikuja kusini kwa meli hadi Lindi na Mtwara, na kutoka huko kwa treni na malori. Mwaka 1951 ikaongezeka redio, Sauti ya Dar es Salaam, ambayo mwanzoni ilisikika mjini na viunga vyake tu, kisha mwaka hadi mwaka ikajisogeza mikoani.

Kufikia uhuru bendi zilikuwa zimenenepa. Kilwa Jazz ya Ahmed Kipande ilibeba jina la kusini hadi katikati ya Dar es Salaam. Mwaka 1964 ikaundwa NUTA Jazz, mali ya chama cha wafanyakazi, wanamuziki wakiwa waajiriwa wenye mshahara. Jeshi, polisi, magereza, kila taasisi ikataka bendi yake. Mfumo huo ulitupa muziki mzuri sana na siusemi vibaya. Ulimpa mwanamuziki chombo asichoweza kukinunua mwenyewe na ukamlipa hata siku ambayo ukumbi haukujaa. Lakini ulikuza pia wazo kwamba bendi ni jeshi, kwamba wingi ndio uzito, na ile sauti ya watu wanne ikaanza kuonekana ya kimaskini.

Mtoto wa Nachingwea alikuwemo katikati ya mabadiliko hayo. Kassim Mapili alizaliwa wilayani kwetu mwaka 1937. Akiwa kijana alipitia bendi za Lindi na Mtwara, akiimba na kupiga gitaa, kisha akawa miongoni mwa walioijenga bendi ya Jeshi la Kujenga Taifa, na baadaye akaiongoza Polisi Jazz. Wenzake walimfanya mwenyekiti wa CHAMUDATA, chama cha muziki wa dansi. Alifariki Dar es Salaam mwezi Februari 2016. Vitabu na vipindi vikiitaja Nachingwea hutaja karanga, na kambi ya Frelimo ambako Samora Machel aliwafunza wapiganaji wa Msumbiji. Ni sahihi zitajwe. Ila Mapili atajwe pia, tena na vijana wa hapa hapa, maana wengi wao hawamjui, na nasikitika kila ninapoligundua hilo.

Jambo moja kuhusu umri wake lazima niliseme. Mwaka 1947 Mapili alikuwa na miaka 10, mwaka 1956 alikuwa na 19. Nyimbo za albamu hii zinaanza na kuisha ndani ya utoto na ujana wake. Wanamuziki wa kizazi chake wote, walioongoza bendi za watu 15 na zaidi, masikio yao yalifunguka katika zama za gitaa moja na sauti mbili. Ndiyo maana hata kwenye rekodi kubwa za Radio Tanzania, pale waimbaji wanapopokezana wawili wawili na gitaa la rizimu linapobaki karibu peke yake kabla ya tarumbeta kuingia, mimi namsikia Fundi Konde. Ameketi chini ya sauti zote zile.

Kiegei ya leo ina njia zake za kusikiliza. Msimu wa korosho, jioni, pale magunia yanaposubiri kupelekwa ghalani, kila baraza ina spika yake ndogo inayochajiwa kwa sola, na kila spika ina wimbo wake. Nimeweka albamu hii kwenye simu na kuipigia watu wa rika zote. Vijana huanza kwa kutafuta besi. Wamezoea besi inayotikisa kifua, na hii haitikisi kitu. Wakivumilia hadi wimbo wa pili au wa tatu, mmoja ataanza kufuata gitaa kwa kidole mezani. Wazee hawahitaji kuvumilia. Mwili wa mzee unajua mwendo huu: bega la kushoto linashuka kidogo, kisha la kulia, na ghafla unamwona mbele yako kijana aliyevaa suruali pana akicheza dansi na mtu wake katika ukumbi wa taa ya karabai. Wakati mwingine mzee huishika sauti ya pili na kuiimba hadi mwisho bila kuyumba, na sauti ya pili haifundishwi na redio ya leo, maana siku hizi nyimbo nyingi zinaimbwa na mtu mmoja aliyejirudufu kwa mashine.

Bado naiona faida nyingine ya bendi ndogo, ya kikazi kabisa. Vijana wa huku wanaopenda gitaa hukata tamaa mapema kwa kudhani kwamba bila seti kamili ya vyombo hakuna muziki. Seti hiyo ni mamilioni ya shilingi, na umeme wake, na gari la kuibeba. Albamu hii inawajibu. Gitaa moja, besi, kayamba na watu wawili wanaoelewana kwa sauti wanatosha kumfanya msikilizaji asimame. Kinachohitajika ni mazoezi ya kunyamaza mahali panapotakiwa, na hayo hayauzwi.

Fundi Konde mwenyewe alipata bahati wanayoikosa wanamuziki wengi wa Afrika Mashariki: alirudi akiwa hai. Mwaka 1993 wakongwe wa dansi wa Dar es Salaam, akiwemo Salum Zahoro aliyetoka Kiko Kids ya Tabora, walijikusanya kwa msaada wa shirika la HelpAge wakaanzisha Shikamoo Jazz. Albamu yao "Chela Chela" ilitoka kwa RetroTan ile ile. Fundi Konde, aliyekuwa amekaa miaka mingi pembeni, akachukuliwa kutoka Kenya akapanda nao jukwaani, akiwa na miaka 70. Bendi iliyokuwa nyuma yake safari hii ilikuwa na pumzi nyingi kuliko ile ya santuri, lakini gitaa lake halikuongeza kasi wala halikuongeza kelele. Alifariki tarehe 29 Juni 2000.

Mapili na wenzake wa kusini hawajapata albamu ya namna hii. Kanda za Radio Tanzania zipo Dar es Salaam, chini ya TBC, na nyingi ni za miaka ile ambayo bendi ilirekodi studioni mara moja, wote kwa pamoja, bila kurudia. Katika kanda hizo wamo watu wa Lindi, Mtwara, Masasi na Nachingwea. Zikichaguliwa 16 au 20 kwa uangalifu, zikaandikiwa majina ya wapigaji wote hadi yule wa maraka, na mwaka, na mji waliotoka, itakuwa albamu ya kwanza ya kusini ambayo mtu wa Kiegei ataweza kumwekea mjukuu wake na kumwonyesha kwa kidole: huyu wa solo ni wa kwetu.